Hasheem Thabeet Baada ya Usiku wa Juni

Wazazi wa Tandale, wamwonapo kijana mrefu, hawakawii kumtajia Hasheem Thabeet. Na wanachokitaja ni usiku mmoja tu wa Juni 2009. Usiku ule mwana huyu wa Dar es Salaam, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani. Stephen Curry alikuwa wa saba.

Sisi twautazama zaidi mwezi wa Februari 2010. Msimu wake wa kwanza haujaisha, timu yake ya Memphis ikampeleka Dakota Wizards, katika ligi ya chini. Kabla yake hakuwahi kuteremshwa huko mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho. Tafakari, ndugu msomaji: una miaka 23, dunia yakutazama, na kwa urefu wa mita 2.21 huna hata pa kujificha!

Wapo wanaosema alishindwa. Sisi hatukubaliani nao, kwani hakuacha kazi. Alirejea Memphis, akapelekwa Houston mwaka 2011, kisha Portland, kisha misimu miwili Oklahoma City, mara nyingi akiwa benchi. Baada ya 2014 hakucheza tena NBA. Mwaka 2017 alikwenda Yokohama, Japani. Mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alijiunga na timu ya Hsinchu, Taiwan, akaanza upya kwa wenyeji wasiomjua.