Golfu ya wanawake: Siku Se Ri Pak alipovua viatu na kuingia majini

Siku ya Jumatatu tarehe 6 mwezi wa saba mwaka wa 1998, katika mji mdogo wa Kohler, jimbo la Wisconsin kule Marekani, msichana wa miaka 20 alisimama kando ya bwawa akitazama mpira wake. Mpira haukuwa umezama. Ulikwama ndani ya majani marefu, kwenye mteremko, karibu kabisa na maji. Mtu aliyetaka kuupiga hakuwa na mahali pengine pa kuweka miguu isipokuwa ndani ya maji yenyewe.

Msichana alizungumza na mtu aliyembebea fimbo. Akashuka, akapanda, akaangalia tena. Kisha akavua viatu, akavua soksi, akaingia.

Upande wa pili wa dunia, huko Korea ya Kusini, usiku ulikuwa unaelekea kucha, na watu walikuwa wangali macho mbele ya televisheni. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika fimbo ya golfu maishani mwao. Lakini usiku ule walihesabu kila pigo. Inchi yao ilikuwa katika shida kubwa ya feza, na msichana yule aliyesimama majini alikuwa mtoto wao.

Jina lake ni Se Ri Pak. Mashindano aliyokuwa akicheza ni U.S. Women's Open, yaliyoanza mwaka wa 1946, na ambayo leo ni moja kati ya mashindano 5 makubwa zaidi ya golfu ya wanawake duniani. Pigo alilolipiga pale limeonyeshwa mara nyingi sana kwenye televisheni za Korea, na watu wengi hulikumbuka kama pigo la ushindi. Ukweli ni kwamba pigo hilo halikumpa ushindi. Lilimsaidia tu kubaki katika mchezo.

Mwenye mapigo machache ndiye mshindi

Kwa wale wasiozoea mchezo huu, golfu haichezwi kwa kutafuta pointi nyingi. Uwanja una mashimo 18. Mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo, kisha anaendelea kwa shimo linalofuata. Kila shimo lina kiwango chake, yaani hesabu ya mapigo ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia. Anayemaliza kwa mapigo machache zaidi ndiye anayeshinda.

Kwenye uwanja wa Blackwolf Run, ambako mashindano ya 1998 yalifanyika, kiwango cha mashimo yote 18 kilikuwa mapigo 71. Wachezaji walizunguka uwanja huo mara 4 kwa siku 4, toka Alhamisi mpaka Jumapili.

Sheria nyingine ni muhimu ili kuelewa habari hii. Mpira ukienda mahali pabaya, mchezaji ana ruhusa ya kuuondoa na kuuweka pengine, lakini anaongezewa pigo 1. Anaweza pia kukataa msaada huo na kuupiga pale ulipo. Hilo ndilo swali ambalo Pak alikuwa nalo mbele ya bwawa.

Wasichana wawili, umri mmoja

Pak alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1977 katika mji wa Daejeon. Shuleni alianza na michezo ya kukimbia. Baba yake, aliyependa golfu, ndiye aliyemwingiza katika mchezo huu na kumfanyisha mazoezi makali. Mwaka wa 1998 ulikuwa mwaka wake wa kwanza kucheza na wanawake wa kulipwa nchini Marekani. Katika mwezi wa tano alishangaza wengi alipochukua ubingwa wa LPGA katika jimbo la Delaware, moja kati ya mashindano makubwa.

Huko Kohler, mpinzani aliyemfuata mpaka mwisho hakuwa bingwa mwenye jina. Alikuwa Jenny Chuasiriporn, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Thailand. Naye alikuwa na miaka 20. Hakuwa mchezaji wa kulipwa, na mwenye kumbebea fimbo alikuwa kaka yake. Hata kama angeshinda, sheria haingemruhusu kupokea feza za zawadi. Katika historia yote ya mashindano haya, mchezaji mmoja tu asiyelipwa ndiye aliyewahi kuyashinda: Mfaransa Catherine Lacoste, mwaka wa 1967.

Siku ya Jumapili, kwenye shimo la mwisho, Chuasiriporn alisukuma mpira kutoka umbali wa karibu metre 12, na ukaingia. Pak naye alipata nafasi ya kumaliza kazi kwenye shimo hilo hilo, lakini mpira wake ulikataa. Wote wawili walimaliza kwa mapigo 290, yaani 6 juu ya kiwango. Kwa sheria ya wakati ule, walipaswa kurudi kesho yake na kucheza mashimo mengine 18.

Shimo la 18

Jumatatu ilianza vibaya kwa Pak. Baada ya mashimo machache tu, mwanafunzi wa Duke alikuwa mbele kwa mapigo 4. Katika golfu, pengo kama hilo kati ya watu wawili linaweza kuwa mlima. Lakini Chuasiriporn naye aliteleza, Pak akapunguza pengo kidogo kidogo, na walipofika kwenye shimo la 18 walikuwa sawa.

Hapo ndipo Pak alipopiga mpira wake wa kwanza ukaenda kushoto, upande wa bwawa.

Angechukua pigo 1 la adhabu na kuweka mpira mahali pazuri, angekuwa salama, lakini angempa mpinzani wake faida kubwa kwenye shimo la mwisho. Angejaribu kuupiga toka majini na kukosa, mpira ungeweza kuzama na mambo yangeisha pale pale. Alichagua maji.

Hakujaribu kuupeleka mpira mbali. Hakulenga hata kibendera. Aliupiga tu utoke, ukavuka majani na kutua upande wa pili mahali panapochezeka. Toka hapo aliufikisha kwenye majani mafupi yanayozunguka shimo, akamaliza kwa pigo 1 juu ya kiwango.

Chuasiriporn alikuwa na nafasi ya kushinda kwa kusukuma mpira mmoja. Haukuingia. Yeye pia alimaliza pigo 1 juu ya kiwango. Mapigo 73 kwa kila mmoja: bado sawa!

Ikabidi waendelee, shimo kwa shimo, mpaka mmoja ashindwe. La kwanza halikuwatenganisha. Kwenye la pili, Pak alikuwa na mpira uliobaki zaidi ya metre 5 mbele ya shimo. Aliusukuma, ukaingia. Akainua mikono, na machozi yakatoka.

Ilikuwa imewachukua mashimo 92 kumpata mshindi, mashindano marefu zaidi katika historia ya golfu ya wanawake wa kulipwa. Si rahisi hesabu hiyo ivunjwe, kwa sababu mchezo wa ziada wa mashimo 18 umefutwa. Siku hizi, wachezaji wakilingana, wanacheza kwanza mashimo 2 tu.

Inchi yenye deni

Ili kuelewa kwa nini Wakorea walilia pamoja naye, inafaa kurudi nyuma miezi michache. Mwishoni mwa mwaka wa 1997, shida ya feza iliyoanzia Thailand ilifika Korea ya Kusini. Makampuni makubwa yalianguka, feza ya inchi ikapoteza thamani, na serikali ikalazimika kuomba msaada kwa Shirika la Feza la Kimataifa, FMI. Mkopo ulioahidiwa ulipita miliari 50 za dola. Kwa taifa lililokuwa likijivunia kujijenga lenyewe baada ya vita, ilikuwa aibu kubwa. Watu wengi walipoteza kazi.

Katika mwezi wa kwanza 1998, raia walianza kupanga mistari ili kutoa dhahabu yao isaidie kulipa deni: pete za ndoa, mikufu, zawadi za watoto. Zaidi ya tani 200 zilikusanywa. Miezi 6 baadaye, katikati ya shida hiyo, wakamwona msichana akivua soksi.

Kamera ilionyesha jambo dogo ambalo Wakorea hawajalisahau. Miguu ya Pak ilikuwa imeungua na jua mpaka kwenye kifundo, lakini nyayo zake, zilizofichwa na soksi kila siku, zilikuwa nyeupe kabisa. Mpaka ule wa rangi mbili ulieleza saa alizokaa kwenye uwanja kuliko hotuba yoyote. Picha hiyo iliingizwa baadaye katika matangazo ya televisheni ya kuwatia raia moyo, na kwa wengi ikawa alama ya miaka ile.

Korea ya Kusini ilimaliza kulipa mkopo wa FMI mwaka wa 2001, mbele ya muda uliopangwa. Bila shaka deni halikulipwa na golfu. Lililipwa na kazi ya watu na kwa maumivu mengi. Lakini Wakorea wa umri fulani, wakikumbuka mwaka ule, humkumbuka pia Pak.

Watoto wa Se Ri

Matokeo mengine yalichukua muda kuonekana. Mbele ya siku ile, golfu nchini Korea ilionekana kuwa mchezo wa matajiri na wanaume wa ofisi. Baada yake, wazazi walianza kuwapeleka mabinti zao kwenye viwanja vya mazoezi. Wasichana hao walipewa jina: watoto wa Se Ri.

Mmoja wao alikuwa Inbee Park, ambaye usiku wa ushindi alikuwa karibu kutimiza miaka 10. Mwaka wa 2008, akiwa na miaka 19, alishinda U.S. Women's Open na kumpokonya Pak rekodi ya mshindi mdogo zaidi. Kuanzia 1998 mpaka 2020, wanawake 10 wa Korea ya Kusini walishinda mashindano hayo mara 11.

Wingi wao ulileta hata mivutano. Katika mwezi wa nane 2008, viongozi wa LPGA walitaka kuwalazimisha wachezaji wote wajue Kiingereza, la sivyo wasimamishwe. Wengi waliona kwamba sheria hiyo iliwalenga Wakorea. Baada ya malalamiko makali iliondolewa majuma machache tu baadaye.

Mwaka wa 2016, golfu ya wanawake ilirudi katika Michezo ya Olimpiki huko Rio, kwa mara ya kwanza tangu 1900. Inbee Park ndiye aliyechukua medali ya dhahabu. Kocha wa timu ya Korea, aliyelia kando ya uwanja, alikuwa Se Ri Pak.

Bei ya ushindi

Lakini umaarufu haukuja bure. Pak aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka wa 1998, kila mtu alitaka kumwona, kumshika mkono, kumpa karamu. Alichoka mpaka akalazwa hospitali. Miaka iliyofuata alishinda sana, mashindano 25 ya LPGA kwa jumla, yakiwemo makubwa 5, na mwaka wa 2007 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa golfu duniani. Lakini katikati ya safari kulikuwa na kipindi ambacho mchezo wake ulivunjika kabisa, na amewahi kueleza kwamba alijifunza kila kitu kuhusu golfu isipokuwa namna ya kupumzika.

Na Chuasiriporn? Mwaka uliofuata aliingia katika golfu ya kulipwa, lakini mambo hayakumwendea vizuri. Aliuacha mchezo, akarudi shuleni na kuwa muuguzi. Mpira mmoja ambao haukuingia kwenye shimo la 18 uliwatenganisha watu wawili waliokuwa sawa kwa siku 5. Mmoja alikwenda kubeba matumaini ya taifa zima, mwingine akaenda kuhudumia wagonjwa. Nani aliyepata mzigo mwepesi zaidi, ni vigumu kusema.

Kurudi Kohler

Mwaka wa 2012, U.S. Women's Open ilirudi kwenye uwanja ule ule wa Blackwolf Run. Pak alikuwa na miaka 34, na alicheza vizuri mpaka akamaliza kati ya 10 wa kwanza. Lakini aliyeongoza siku ya mwisho alikuwa Na Yeon Choi, Mkorea mwenzake, ambaye mwaka wa 1998 alikuwa mtoto wa miaka 10.

Kwenye shimo la 10, Choi aliupoteza mpira vichakani na kutumia mapigo 3 zaidi ya kiwango. Alikuwa mbele sana, na sasa pengo likawa dogo. Hakutafuta pigo la ajabu. Aliutoa mpira mahali pabaya, akaenda kwa shimo linalofuata, kisha jingine, mpaka mwisho. Alishinda kwa tofauti ya mapigo 4.

Pak alikuwa amemaliza kucheza mapema. Hakuenda hotelini. Alimngoja kwenye shimo la 18, karibu na bwawa, ili amkumbatie.