Sarakasi za Angani: Mazoezi Magumu Yasifutwe

Askari aliye zamu Naguru, yalipo makao makuu ya polisi wa Uganda, ana jirani yake kilima cha Kololo, penye uwanja wa magwaride ya taifa. Katika gwaride, mwendo wa pole ndio unaofichua kikosi kisichoiva. Wala hatuufuti kwa sababu hiyo.

Ndivyo ilivyo katika mashindano ya sarakasi za angani, ya ndege halisi na ya ndege ndogo za mfano ziongozwazo kwa redio. Mwamuzi hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila zoezi, kisha alama huzidishwa kwa kipimo cha ugumu wake. Kwa ndege halisi, msingi wa vipimo hivyo uliwekwa na rubani Mhispania, José Luis Aresti. Mazoezi magumu yakiondolewa, rubani hodari na wa kawaida watalingana, na ushindi hautakuwa na maana.

Yuko atakayeuliza: na uhai je? Swali hilo ni la haki. Tarehe 27 Julai 2002, karibu na Lviv, Ukraine, ndege ya kivita Su-27 iliyokuwa katika maonyesho iliangukia watazamaji. Watu 77 walikufa.

Hata hivyo, dawa ni kuuwekea ugumu mipaka. Katika daraja la juu kabisa la mashindano ya ndege halisi, rubani hapaswi kushuka chini ya mita 100, akishuka, huadhibiwa.

Basi, ndugu wakufunzi, tuyahifadhi mazoezi magumu, tuyafundishe hatua kwa hatua. Asiye tayari na angoje.