Hakuna Jinai, Lakini Shauri Halijaisha

Julai 2023 gazeti la The Sun la Uingereza liliandika kwamba mtangazaji mashuhuri wa BBC alikuwa akimlipa kijana ili amtumie picha za utupu. Jina halikutajwa. Mitandaoni watu wakaanza kubahatisha, hata watangazaji wasiohusika, akiwemo Jeremy Vine, wakalazimika kujitokeza kukana. Kijana mwenyewe, kupitia wakili, aliyaita madai hayo upuuzi. Kisha akajitokeza mtu mwingine, naye kijana, akasema mtangazaji huyo alimfuata kwenye programu ya kutafutia wachumba bila kujitambulisha. Kijana huyo alipomjua na kudokeza mtandaoni kwamba huenda akamtaja, akamiminiwa jumbe za matusi na vitisho.

Tarehe 12 Julai mke wa Huw Edwards, msomaji wa taarifa ya habari wa BBC, alieleza kuwa anayesemwa ni mumewe. Siku hiyohiyo polisi wa London walisema hawakuona ushahidi wa kosa la jinai. Wengi wakadhani yamekwisha.

Hapo ndipo sisi wa sheria za kazi tunapoachana na umma. Polisi hutafuta kosa linaloweza kuthibitishwa mahakamani pasipo shaka. Mwajiri ana swali lake: je, mtu huyu ametumia cheo au umaarufu aliopewa na kazi kumbana aliye dhaifu kuliko yeye? Jibu laweza kuwa ndiyo hata kama polisi wamefunga jalada. Na wapo waliofanya kazi BBC walioeleza kwamba Edwards aliwatumia jumbe zisizofaa. Kulalamika walisita, maana nani amshitaki nyota wa taarifa ya habari?

Kwangu, aibu kubwa zaidi ni ya ofisi. Familia ya yule kijana wa kwanza ililalamika BBC tangu Mei. Ikajibiwa kwa barua pepe, ikapigiwa simu moja ambayo haikupatikana, basi. Shirika liliamka Julai, gazeti lilipobisha hodi. Februari 2024 BBC iliiomba familia radhi. (Kifungo cha nje alichopewa Edwards Septemba 2024 kilihusu picha chafu za watoto alizotumiwa na mtu mwingine kwa WhatsApp, hilo ni shauri jingine.)

Kwetu Afrika Mashariki pia sheria zipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au kupandisha cheo. Kwa hiyo mhariri anayemwambia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo "tuonane kwanza, halafu tuzungumze habari yako" anaweza kujikuta mikononi mwa TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa. Anayeachwa nyuma ni mwandishi wa kujitegemea, anayelipwa kwa habari mojamoja: sera ya kampuni mara nyingi haimtaji kabisa.

Ukipokea ujumbe usiofaa kutoka kwa mwenye cheo kazini, usiufute hata kama unakutia kinyaa. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha namba au akaunti, tarehe na saa. Andika malalamiko, wala usiishie kuyasema kwa mdomo, na udai uthibitisho wa maandishi kwamba yamepokelewa.