Mtoto anayesomeshwa nyumbani: tuchague mafundisho gani ya lugha?

Mara kwa mara wazazi wanakuja kwa padri au kwa katekista na swali hili: « Tunataka kumsomesha mtoto wetu nyumbani. Tuanze na lugha gani? Tununue kitabu gani? » Wengine wanakaa mbali sana na shule, wengine wamekimbia vita. Tena katika mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, shule za Kongo zilifungwa miezi kadhaa, na wazazi wengi walijikuta wamekuwa walimu bila kutazamia. Swali lao si dogo. Mtoto asiyejua kusoma vema hatafaulu masomo mengine, na katekismu yenyewe ataisema kwa moyo kama kasuku tu. Inafaa basi tujue kuwajibu.

1. Haki ni ya nani?

Papa Pius XI alifundisha habari hii katika barua Divini illius Magistri, mwaka wa 1929. Mtaguso wa pili wa Vatikano uliikaza tarehe 28 Oktoba 1965: wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Sheria ya Eklezya ya mwaka wa 1983 (kanoni 793) inasema vilevile kwamba wazazi wana wajibu na haki ya kuchagua njia za kuwalea watoto katika imani katolika, kwa kadiri ya hali ya mahali. Kwa hiyo sisi hatuchagui mahali pao. Kazi yetu ni kuwaangazia ili wachague vema.

2. Lugha gani kwanza?

Ile ambayo mtoto anaielewa. Anayeanza kusoma Kifaransa bila kukijua anabebeshwa mizigo miwili kwa mara moja: kujua herufi, na kujua lugha ya kigeni. Atataja maneno, lakini maana haitaingia. Hata sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa, ao lugha za mahali, zitumiwe kwa kufundisha katika shule za msingi.

Tena Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi. Vokali ni tano tu, na karibu kila herufi ina sauti yake moja. Silabi nyingi zinaishia kwa vokali: ba, be, bi, bo, bu. Katika Kifaransa, sauti moja ya « o » inaweza kuandikwa o, au, ao eau. Na herufi nyingi za mwisho hazitamkwi. Lakini mtoto anayejua Mashi ao Kinande tu, bila Kiswahili, aanzie katika lugha yake mwenyewe.

Mzazi atasema: « Bila Kifaransa, mtoto wangu hatapata kazi. » Ana haki ya kuwaza hivyo, maana masomo ya juu yanafanyika kwa Kifaransa. Basi Kifaransa kisiachwe: kianze mapema kwa masikio na kwa kinywa, kwa salamu, majina ya vitu na nyimbo. Kukisoma kutafuata. Aliyekwisha kujua kusoma katika lugha moja haanzi tena upya katika lugha ya pili.

3. Kitabu kizuri kinajulikanaje?

a) Kinakwenda kwa hatua: kwanza vokali, kisha silabi nyepesi kama ma, ta, ka, nyuma yake zile ngumu kama mba, ndo, nya, ng'o.

b) Kinatumia maneno ya mahali: muhogo, mbuzi, mto, si theluji.

c) Kinaunganisha kusoma na kuandika. Kila somo linamfanya mtoto anakili, kisha aandike maneno anayotajiwa.

d) Mama aliyesoma miaka michache anaweza kukitumia peke yake. Kitabu cha bei kubwa ambacho mzazi hakifahamu hakina faida nyumbani.

Mbele ya kununua, mzazi ajaribu somo moja pamoja na mtoto. Kisha, kila juma, ampime kwa neno jipya. Aliyejifunza ka, ma, ta, aandikiwe « kamata », neno ambalo halijaonekana katika kitabu. Akilisoma, anajua kusoma. Akishindwa, lakini anasema ukurasa wote bila kosa, ameukariri tu. Sharti arudishwe nyuma kwa upole.

4. Mambo ambayo kitabu hakitoi

Mafundisho ya lugha si herufi tu. Mtoto ajifunze pia kusikiliza na kusema. Hapo bibi na babu ni walimu wakubwa: hadithi, mithali na vitendawili vya jioni vinampa mtoto maneno mengi na utaratibu wa mawazo. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya kazi hii, naye asidharauliwe. Mtoto akisikia habari ya Injili siku ya Mungu, aombwe kuieleza nyumbani kwa maneno yake mwenyewe, kisha aandike sentensi moja ao mbili.

Nusu saa kila siku inashinda saa tatu za siku moja ya juma, maana mtoto anachoka upesi na kusahau upesi.

Katekista anaweza kuwakusanya wazazi hao mara moja kwa mwezi, wakaazimana vitabu na kuonyeshana madaftari ya watoto. Na mara shule inapofunguliwa karibu, awashauri wamwandikishe mtoto, huku wakiendelea kumsikiliza akisoma jioni.