Mahandaki ya Uingereza Yalichimbwa kwa Ajili ya Nani?

Ukipita kwa miguu mashambani Uingereza, iwe Yorkshire, Cornwall au Uskoti, huenda ukakuta kando ya malisho mfuniko wa chuma juu ya kijiukuta cha zege, na mabomba mawili matatu yamechomoza kwenye nyasi. Wapitaji wengi hudhani ni tangi la maji. Chini ya mfuniko huo kuna ngazi inayoshuka zaidi ya mita 4 hadi kwenye chumba chenye urefu wa mita 4.5 hivi na upana wa mita 2.3. Ndani mna meza, kitanda cha ghorofa na choo cha kemikali. Vyumba vya namna hii vilijengwa 1,563 nchi nzima, kuanzia mwaka 1956 hadi miaka ya 1960, kwa ajili ya vita vya nyuklia.

Anayevisikia kwa mara ya kwanza hudhani vilikuwa vya kuwaficha wanakijiji. La. Kila kimoja kilitengewa watu watatu tu, na kazi yao ilikuwa kupima.

Kupima nini? Bomu la nyuklia linapolipuka juu angani, huua kwa mwanga, joto, mionzi ya papo hapo na wimbi la mgandamizo wa hewa. Linapolipukia ardhini huongeza balaa jingine. Tufe lake la moto hunyanyua udongo na vifusi kwa maelfu ya tani, vikapanda juu pamoja na mabaki ya atomi zilizopasuka. Wingu linapopoa, mabaki hayo hunata kwenye chembe za vumbi, na vumbi hilo hushuka popote linapopelekwa na upepo, hata mamia ya kilomita kutoka mahali pa mlipuko. Mji ambao haukuvunjika hata dirisha moja unaweza kufikiwa na vumbi la mionzi saa kadhaa baadaye.

Vumbi hilo lina kinga mbili, nazo ni kizuizi na muda.

Kizuizi ni uzito wowote unaokaa kati ya mtu na vumbi. Zege yenye unene wa sentimita 6 hivi hupunguza mionzi kwa nusu. Udongo ulioshindiliwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa sentimita 9 hivi. Kila tabaka jingine hupunguza nusu ya kile kilichobaki, kwa hiyo sentimita 90 za udongo hupitisha takribani sehemu moja tu kati ya elfu. Ndiyo maana handaki halihitaji madini adimu wala ufundi wa ajabu. Linahitaji udongo mwingi.

Muda nao una kanuni yake, ambayo wataalamu huieleza kwa namba 7 na 10: kila muda tangu mlipuko unapozidishwa mara 7, ukali wa mionzi hushuka hadi sehemu ya kumi. Tuseme saa moja baada ya mlipuko kipimo kinasoma 1,000. Baada ya saa 7 kitasoma kama 100, baada ya saa 49 kama 10, na baada ya saa 343, yaani wiki mbili na ushei, kitasoma 1. Saa za mwanzo ndizo za hatari kubwa, na anayevumilia ndani kwa siku 14 huwa ameukwepa mzigo mkubwa wa mionzi.

Kanuni hiyo humsaidia mtu iwapo tu anajua vumbi linaanguka wapi na limeanza lini. Kazi ya kujua ilikabidhiwa Royal Observer Corps, kikosi cha raia wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1925 kutazama ndege za adui. Rada na ndege za jeti zilipofanya macho ya mtu yapitwe na wakati, mwaka 1955 kikosi kilipewa jukumu la nyuklia.

Vyombo vyao vikuu vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa na sahani za chuma juu na mshale wa kusomea chumbani, ulioonyesha nguvu ya wimbi la mlipuko. Cha pili kilikuwa pipa jeupe lenye matundu manne yaliyoelekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, na ndani yake karatasi za picha. Mwanga wa mlipuko ungeacha alama kwenye karatasi, na alama hiyo ingeonyesha mlipuko ulikuwa upande gani na kimo gani. Pipa lenyewe lilikaa juu ya ardhi, kwa hiyo muda mfupi baada ya mlipuko mmoja wa wale watatu alipaswa kupanda ngazi, kubadili karatasi na kushuka nazo. Cha tatu kilikuwa kipima mionzi, kilichosomwa chumbani bila kutoka.

Taarifa zilipigwa kwa simu hadi makao ya kundi la vyumba hivyo, kama yale ya York yaliyofunguliwa mwaka 1961. Huko zilichorwa kwenye ramani pamoja na mwelekeo wa upepo, ili maeneo yaliyokuwa njiani yaonywe. King'ora cha kupanda na kushuka kilimaanisha shambulio linakuja, na milio mitatu ya fataki ilimaanisha vumbi la mionzi limekaribia.

Mahandaki makubwa yalikuwa ya watawala. Huko Corsham, Wiltshire, machimbo ya zamani ya mawe yaligeuzwa makao ya serikali kuu wakati wa vita, yenye nafasi ya watu 4,000, barabara za ndani na studio ya BBC. Huko Kelvedon Hatch, Essex, nyumba ya kawaida ya shambani ilificha mlango wa handaki la watu hadi 600. Yote hayo yalikuwa siri. Mwaka 1963 wanaharakati waliojiita Spies for Peace waliingia katika handaki la serikali la Warren Row, karibu na Reading, wakasambaza kijitabu kilichofichua mpango wa serikali za kanda za wakati wa vita. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, kwa sababu kila mtu aliona nani alikuwa ametengewa nafasi.

Mwananchi wa kawaida alitengewa nini? Ripoti ya siri ya ofisa wa serikali William Strath ya mwaka 1955 ilikadiria kwamba mabomu 10 tu ya hidrojeni yangeua watu milioni 12. Serikali ilipima gharama ya kujenga mahandaki ya umma, ikaona ni kubwa mno. Mwaka 1980 ilianza kuuza kijitabu cha Protect and Survive kwa peni 50. Kilimwambia mwenye nyumba ang'oe milango ya vyumba, aiegemeze kwenye ukuta wa ndani, aifunike kwa mifuko na masanduku ya udongo, kisha ajifiche humo na familia yake. Muda aliotakiwa kujiandaa kukaa humo ulikuwa siku 14, zile zile za kanuni ya 7 na 10.

Ushauri huo ulichekwa sana, lakini fizikia yake haikuwa mbaya: udongo ni udongo, na wiki mbili ni wiki mbili. Ila mkazi wa ghorofa ya nane angeutoa wapi udongo, na nani angekusanya mifuko yote hiyo, wakati tahadhari ya makombora ilitarajiwa kuwa ya dakika 4? Uswisi iliijua fizikia hiyo hiyo, na mwaka 1963 ikapitisha sheria ya kujenga mahandaki ya kujificha kwa ajili ya wakazi wake.

Mwaka 1968 karibu nusu ya vyumba vya wapimaji vya Uingereza vilifungwa, na mwaka 1991 kikosi kikasimamishwa. Leo handaki la makao ya York na lile la Kelvedon Hatch hupokea watalii. Atakayeshuka humo ataona vyombo vilivyobuniwa kwa akili nyingi na kazi ya raia waliojitolea kwa moyo. Asisahau hukumu inayostahili kutolewa: Uingereza iliijua kinga, ikawajengea watawala na wapimaji, na raia wengine ikawauzia maelekezo.