Kosa la kiwandani au jeraha la mtaani?

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo kule Katoro, Geita. Mwezi uliopita alinionyesha sarafu ya shilingi 200, ile ya 1998 yenye sura ya Mzee Karume. Kwa kawaida ni ya njano. Yake ilikuwa nyeupe kama fedha. "Mjomba, hii imekosewa kiwandani," akaniambia. "Kuna mtu anasema inafika milioni."

Kwa watunza sarafu, kosa la kiwandani kweli linaweza kupandisha bei. Jeraha la baadaye huishusha. Basi tuanze na namna sarafu inavyozaliwa: kipande kitupu cha metali huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikagandamizwa kwa nguvu, na metali ikatiririka kujaza kila kishimo cha mihuri hiyo. Muhuri ukiwa na ufa, metali huingia humo pia, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani ni kinyume chake. Unazama, na pembeni mwake metali iliyosukumwa imejikusanya kama udongo kando ya mfereji wa jembe.

Mfano mzuri uko hapo jirani tu. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora: rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo, na heller 20 za shaba na shaba nyeupe kwa matumizi ya kila siku. Ilikuwa kazi ya vita, vifaa vya kuungaunga, kwa hiyo heller hizo mara nyingi zina nyufa za muhuri na maandishi hafifu. Ukiikuta moja kwenye sanduku la bibi, tafadhali usiisugue kwa mchanga ing'ae! Mikwaruzo hiyo haifutiki.

Sarafu iliyomegeka ukingoni nayo inachanganya. Kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa, mara nyingi ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo, huwa hafifu, kwa sababu haukupata kitu cha kuukaza. Iliyokatwa kwa tupa mtaani, ukingo wa mkabala uko imara kabisa. Iliyolowekwa kwenye tindikali ya sonara huwa nyembamba kila mahali, herufi zimeyeyuka, na uzito umepungua. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu itakuonyesha tofauti hiyo ukiilinganisha na mwenzake.

Sasa ile nyeupe ya mjomba. Chini ya lenzi, sehemu zilizoinuka, ambazo husuguana mfukoni, zilikuwa zimeanza kurudi njano. Kama metali yenyewe ingekuwa nyingine, weupe ungefika hadi ndani. Nikamuuliza sarafu ilikuwa wapi. "Kwenye koti la kazi." Koti lilelile analovaa akikamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki hushikana na shaba kama inavyoshikana na dhahabu, na shaba ndiyo sehemu kubwa ya sarafu ile.

Alitaka kuichoma kidogo kwenye mkaa ahakikishe, kama anavyochoma dhahabu yake. Nikamzuia. Mvuke wa zebaki hauonekani, hauna harufu, na unaharibu ubongo na figo. Tukaifunga kwenye chupa yenye kifuniko. Koti bado analivaa, na hilo tunaendelea kubishana.