Oili za Land Rover kuukuu: namba inaulizwa, herufi hazisomwi

Lupepo na vijiji vingine vinavyoizunguka Tukuyu bado vinazitegemea Land Rover za zamani kwa biashara. Ndizi, viazi na abiria hupanda nazo kwenye njia za udongo ambazo mvua ya Rungwe, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, huzigeuza matope. Series III ilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Inayotembea leo inatembea kwa vipuri, kwa ujuzi wa fundi na kwa oili.

Muuza vipuri mmoja wa Tukuyu analalamika kwamba mteja huja na namba tu: 40 kwa injini, 90 kwa giaboksi. Akishajibiwa, anauliza bei. Namba hiyo inaeleza mnato wa oili, haielezi dawa zilizochanganywa ndani yake. Kwa giaboksi kuukuu yeye hupendekeza oili ya daraja la GL-4, lakini anasema madumu yake hukaa rafuni huku GL-5 ikiondoka, kwa kuwa wanunuzi wanaamini tano ni bora kuliko nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Hizo huifaa difu yenye mzigo mkubwa, lakini baadhi yake huweza kula shaba ya ringi za giaboksi za zamani. Gia zikianza kukwaruza, lawama zinamrudia yeye aliyeuza.

Kinachomuuma zaidi ni bei, ambayo anasema kodi huipandisha. Ofisa mmoja anayefuatilia biashara wilayani anajibu kwamba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) inawahusu wote. Jibu hilo halimalizi hoja. Duka ambalo mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka halilazimiki kusajiliwa kwa kodi hiyo, na lisiposajiliwa haliwezi kudai kodi iliyolipwa kwenye ununuzi. Gharama inaangukia kwenye dumu, na mwenye gari anakimbilia oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa.

Ofisa huyo pia anasema bidhaa bandia zimepungua, ila hakutaja ni sampuli ngapi zilizopimwa. Kukagua lebo kunathibitisha lebo tu, si oili. Oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye dumu lenye lebo halisi haitaonekana kwa macho, na oili ya pipa haina hata lebo.

Kwenye breki, kosa linaweza kuua. Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inashuka karibu mita 1,000. Fluidi ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. Kopo lililofunguliwa likaachwa wazi katika hewa ya Rungwe haliaminiki tena. Wanaoziba pengo kwa oili ya injini wanafanya vibaya zaidi, kwa sababu oili hiyo huvimbisha raba za breki.

Mahitaji yanaweza kudumu maadamu njia za vijijini ni mbovu na gari jipya liko nje ya uwezo wa wengi. Pikipiki na malori madogo ya Kijapani huenda yakapunguza soko, ingawa muuza vipuri haoni dalili za hilo bado. Anachotaka ni oili ipimwe dukani na kwenye pipa, na mafundi wafundishwe kusoma herufi zilizo kando ya namba. Ofisa hakuahidi lolote kati ya hayo.